GRINDA IMETOA MOSHI LUSHOTO, MUUZAJI USIINGIE MITINI!

Hela ya M-Pesa ikishaingia ni tamu, wala hakuna ubishi. Grinda ya mtumba uliyoipata Gerezani umeipiga picha, ukaitupia mtandaoni na maneno "kitu bado cha moto", jioni ikapakiwa kwenye basi la Lushoto nawe ukaagiza chipsi kuku. Siku ya pili simu inaita. Fundi wa Magamba anafoka: mashine imezunguka kama ina mapepo, imetoa moshi, kimya. Anataka chake.

Hapo ndipo vijana wengi wa mjini hujiona mabingwa. Namba ya mteja inapigwa bloku, jina la akaunti linabadilishwa, mtu anaingia mitini. Ebo! Laini yako imesajiliwa kwa alama za vidole, zoezi lililoanza mwaka 2019, na jina lako kamili lilitokea pale fundi alipokutumia hela. Utajificha wapi, mshikaji?

Halafu jua unayemkimbia ni nani. Milima ya Usambara ni nchi ya mbao. Kule Shume kuna shamba la miti la serikali, misindano kwa wingi, na kuanzia Soni hadi Mlalo hukosi karakana. Kwa fundi wa huko, grinda au randa ya umeme siyo pambo. Ameshapokea advansi ya milango ya mtu, kaigeuza kuwa hela ya mashine yako. Wewe ukizima simu, mwongo kwa mwenye milango anakuwa yeye. Na mafundi wanajuana. Habari zako zitafika Mtae kabla hujamaliza hizo chipsi.

Sasa turudi kwenye moshi, maana mara nyingi mchawi anajulikana. Umeme wetu ni volti 230. Zana za Marekani ni za volti 120, za Japani ni 100. Wengi hilo wanalijua. Kinachowaliza watu ni mashine za Uingereza: wanasema Uingereza umeme ni kama wetu, kwa hiyo haina noma. Thubutu! Uingereza zana nyingi za kazi za ujenzi ni za volti 110, zenye plagi ya njano ya duara, na kule hutumika na transfoma yake. Ikifika huku mjanja anaikata plagi ya njano, anafunga ya kawaida, anauza. Ukiichomeka inapiga kelele ya ajabu, inakimbia kupita kiasi, kisha mota inaungua.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa mteja anayelalamika liwe hili: kibati cha pembeni kimeandikwa volti ngapi? Mwombe akipige picha. Kama ni 110 na wewe hukumwambia, kesi imekwisha, umeshindwa. Rudisha hela yote na nauli ya mzigo juu.

Si kila lalamiko lina uzito huo, lakini. Mashine inayotoa cheche nyingi, au inayowaka na kuzima, mara nyingi imekwisha kaboni, vile vipande viwili vidogo vinavyogusa mota. Ni vitu vya bei ndogo, na kwenye mashine nyingi unafungua vifuniko viwili tu pembeni. Mtumie hela ya kaboni, muombe radhi, yaishe. Anayesema haina nguvu muulize kwanza anatumia waya gani. Ekstensheni nyembamba ya mita hamsini inaimeza nguvu njiani, na mota inapata moto bure.

Namna ya kujibu nayo ni kazi. Usianze na "ilipotoka kwangu ilikuwa nzima", maana hapo umeshamwita mwongo. Andika hivi: "Pole fundi, nimekusoma. Usiifungue kwanza. Nitumie picha ya kibati na video ikiwashwa, kama bado inawaka, halafu tuongee leo saa kumi." Na hiyo saa kumi upige kweli, bwana. Mtu aliyepigiwa simu kwa wakati hasira yake hupungua nusu.

Hiyo ya "usiifungue" ina sababu. Wapo wateja wasanii pia, tusidanganyane. Anayo grinda yake mbovu ya aina ile ile, anahamisha vipuri vizima kutoka kwenye yako, anakurudishia maiti. Dawa yake ni kuichukua video mashine kabla ya kuifunga: inavyowaka, kibati, namba yake. Kisha weka tone la rangi ya kucha kwenye skrubu. Kama dada yako anayo, muazime. Tone likirudi limevunjika, mna la kuzungumza.

Kuna wanaojificha nyuma ya lile bango la dukani, "mali ikishauzwa hairudishwi". Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inataka kitu kinachouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo, hata kiwe mtumba. Mteja wa dukani aliyekishika na kukikagua unaweza kumwambia kasoro ya wazi aliiona mwenyewe. Huyu wa Lushoto alishika nini zaidi ya simu? Macho yake yalikuwa maneno yako. Na kama ulijua mota imekufa ukaandika "nzima", hapo unaingia kwenye Kanuni ya Adhabu, kujipatia fedha kwa udanganyifu, na mazungumzo yatahamia polisi.

Mkikubaliana airudishe, apande nayo hadi stendi, akupigie picha risiti ya mzigo, nawe ulipie usafiri kama kosa ni lako. Hela itoke siku hiyo hiyo ukishaiona mashine na lile tone la rangi, isiwe "njoo kesho".