Mnana hujenga, mke hukagua

Msimu wa mvua hapa Gudele, Juba, sihitaji saa ya kengele. Mwarobaini ulio mbele ya chumba ninachopanga umejaa viota vya mnana, na kelele zao huanza kabla ya jua kuchomoza.

Mimi ni mwalimu. Vita vilinifanya nisomee Kenya, kuanzia darasa la kwanza hadi chuo cha ualimu. Niliporudi nyumbani, mke wangu alibaki Eldoret na watoto. Sharti lake ni moja: kwanza nyumba. Basi jioni hukaa chini ya mti huo nikipiga hesabu ya mabati, huku nikiwatazama mafundi wenzangu.

Kwa mnana, fundi ni dume. Huchana majani mabichi ya nyasi au ya mitende kuwa nyuzi, akaanza na pete ya kusimamia, kisha akafuma chumba chenye mlango unaotazama chini. Aliye hodari humaliza kwa siku moja hivi. Halafu hujining'iniza hapo chini, akipigapiga mabawa ya manjano na kuita. Jike huja, huingia, huvutavuta nyuzi kwa mdomo. Asiporidhika, huyoo kwa jirani! Kiota kikikauka bila mwenyeji, dume hukibomoa mwenyewe na kuanza upya. Madume machanga hufuma ovyo mpaka wazoee, jambo ninalowaambia wanafunzi wangu siku ya mwandiko.

Jike akikubali, hutandika ndani nyasi laini na manyoya, hutaga mayai mawili au matatu na kuyaatamia siku kama 12. Kekeo akipenyeza yai lake humo, mara nyingi mama hulitambua na kulitupa. Makinda huruka baada ya wiki tatu hivi, nayo kazi ya kuwalisha wadudu ni ya mama zaidi. Baba? Yuko tawi la pili, anamfumia mke mwingine. Hilo sikumsimulia mama watoto.

Mwaka jana mwenye nyumba alikuja na shoka, akitaka kuchoma makaa. Makinda yalikuwa bado hayana manyoya. Tulibishana, mwisho nikamlipa bei ya mabati manne ili mti ubaki.

Nilipompigia mke wangu simu kukiri, alinyamaza kidogo.

"Baba Deng," akasema, "na mlango wa nyumba yetu umeuelekeza wapi?"