Kuacha Kupanda Mikarafuu Si Kuacha Kutembea

Kwa Wanachama wote,

Katika mashamba yetu ni desturi mtu akishapata umri kuacha kupanda mikarafuu, na kazi hiyo huwaachia vijana. Desturi hii ni njema, kwani mkarafuu ni mrefu na tawi lake huvunjika ghafla. Lakini twaona kwamba wengi wakishaacha kupanda huacha na mengine yote: habari za shamba huletewa barazani, na dukani hutumwa mtoto. Hapo ndipo mwili unapodhoofika, na mara nyingi umri husingiziwa kosa la kukaa.

Yafaa ijulikane ya kuwa misuli hupungua kadiri tunavyozeeka, lakini isipofanya kazi hupungua kwa haraka zaidi. Miguu ikiisha nguvu, mtu hujikwaa kizingitini akaanguka. Na mifupa ya mzee, hasa ya mabibi, huvunjika upesi. Aliyevunjika nyonga huenda asitembee tena kama zamani, na shamba lake akalisimamia kwa kusikia tu.

Faida ya kwenda na kuinuka imechunguzwa tangu zamani. Mwaka 1953 Daktari Jeremy Morris na wenziwe wa Uingereza walitangaza habari za watumishi wa mabasi ya ghorofa ya London. Makondakta, waliokuwa wakipanda na kushuka ngazi kutwa, walipatwa na maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva waliokaa kitini. Tena mwaka 1990 ilitangazwa habari ya wazee wa Boston, Marekani, wenye miaka 86 hadi 96, waliofanyishwa mazoezi ya miguu kwa wiki 8. Kwa wastani nguvu za miguu yao zilizidi maradufu. Basi hakuna aliyechelewa.

Je, kiasi gani chatosha? Shirika la Afya Duniani, katika mashauri yake ya mwaka 2020, lilitaja dakika zisizopungua 150 kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku 5. Mwendo uwe wa kuhema kidogo, lakini mtu aweze kuzungumza. Aliyetimiza miaka 65 aongeze mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara siku 3 kwa wiki.

Haya hayataki uwanja wala viatu maalumu. Nenda shambani kwa miguu, palilia, geuza karafuu jamvini. Anayekaa kuchambua makonyo ainuke kila baada ya muda, kwa kuwa mikono ndiyo inayofanya kazi, miguu imelala. Nyumbani, inuka kitini mara 10 bila kujishikilia. Kisha simama kwa mguu mmoja karibu na ukuta, ukihesabu hadi 10.

Anayeanza aanze kidogo kidogo. Mwenye maradhi ya moyo, presha au kisukari amwulize daktari kwanza. Na anayepata maumivu ya kifua au kizunguzungu aache mara moja, aende hospitali.

Wazee wetu ndio wanaojua mpaka wa kila shamba na tabia ya kila mti. Elimu hiyo haifunziki barazani. Kijana hana budi aonyeshwe kwa kidole. Kwa hiyo twatumai msimu ukifika tutawaona chini ya mikarafuu yao, wamesimama kwa miguu yao wenyewe.

Katibu