Asetoni na Meza ya Jiwe Jikoni

Baadhi ya kina mama wa Bariadi wametuuliza kama yafaa kuondoa madoa juu ya meza ya jiwe kwa ile dawa ya kutolea rangi ya kucha. Chupa hiyo imekuwa kitu cha kawaida majumbani mwetu, kwani mwanamke aliyepaka rangi ya kucha hapana budi aiondoe kabla ya kutia udhu, ili maji yapate kufika kwenye kucha. (Hina haina taabu hiyo, maana huacha rangi tu wala haiweki utando.) Na kilichomo ndani ya nyingi katika chupa hizo ni asetoni.

Jiwe lenyewe asetoni hailidhuru. Itale, ambalo mafundi huliita granaiti, ni jamaa ya majabali yaliyotapakaa katika nchi ya Wasukuma, na jua na mvua za karne nyingi hazikuyamaliza. Marumaru ya kweli nayo haiogopi asetoni. Adui yake ni ndimu na siki, kwa kuwa asili yake ni moja na chokaa, na asidi huila. Twastaajabu kuona mtu akiiogopa chupa ile, na huku akikata ndimu juu ya marumaru kila siku!

Kiharibikacho ni kile kilichopakwa juu ya jiwe, yaani nta na dawa ya kuzibia vitundu. Tena baadhi ya meza zinazouzwa kwa jina la jiwe ni chenga za mawe zilizoshikwa kwa gundi, na hizo zaweza kupoteza mng'ao na kubaki na baka lisilotoka. Mbao zenye vanishi, kuta zilizopakwa rangi na mazulia ya plastiki, tunasema wazi: zisiguswe kwa asetoni kabisa. Anayetaka kujaribu juu ya jiwe na atie tone moja kwenye kitambaa cheupe, apanguse pembeni pasipoonekana, angoje pakauke. Pakififia, aache. Pakiwa salama, apanguse doa upesi, kisha aoshe kwa maji na sabuni.

Lakini hofu yetu kubwa si juu ya meza. Asetoni huchemka kwa joto la digrii 56 tu, na hata katika baridi ya kugandisha maji mvuke wake hushika moto. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, karibu mara mbili. Basi hauendi juu kama moshi, bali hushuka na kutambaa sakafuni usionekane. Na jiko la mkaa katika nyumba zetu huwekwa wapi? Sakafuni. Mama aweza kuwa anapangusa meza hatua kadhaa mbali na jiko, akadhani yu salama, kumbe mvuke umekwisha kulifikia, na moto ukarudi kwa njia ile ile mpaka mkononi mwake. Kwa hiyo jiko lizimwe au litolewe nje kwanza, kibatari kadhalika, na mvuta sigara akae mbali. Milango na madirisha yafunguliwe. Pamba iliyotumika, nayo katika Simiyu haiadimiki, isitupwe jikoni wala katika jalala linalochomwa, bali ianikwe nje mpaka ikauke.

Isichanganywe na jiki wala dawa nyingine yoyote ya kung'arisha nguo. Asetoni na jiki zikikutana huzaa klorofomu, ambayo mvuke wake hulevya na kudhuru ini.

Jambo la mwisho ni watoto. Asetoni ni nyeupe kama maji, na wako watu wanaoimimina katika chupa tupu ya soda. Hilo ni kosa kubwa, na twawaomba vijana wetu wa kike, ambao ndio wenye chupa hizi, wasilifanye. Ikae katika chupa yake, imefungwa, juu mahali ambapo mtoto hafiki. Akiinywa, asilazimishwe kutapika. Apelekwe hospitali mara moja. Ikimwingia machoni, yaoshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, ndipo apelekwe. Na chupa yenyewe ichukuliwe pamoja naye, daktari apate kuisoma.