Taya na Usingizi

Baadhi ya wanafunzi wetu wamepanga vyumba Kalerwe, ambako ukuta haufichi anayekoroma. Husemwa amelala usingizi wa pono. Kumbe huenda sivyo. Taya la chini likiwa dogo au limerudi nyuma, ulimi nao hurudi na kubana njia ya hewa koo linapolegea usingizini. Pumzi huweza kukatika kwa sekunde 10 au zaidi, tena na tena. Oksijeni hupungua damuni, ubongo humshtua mtu apumue, naye huamka amechoka, kichwa kikimuuma. Hali hii ikiendelea, shinikizo la damu huweza kupanda. Mwalimu, usiharakishe kumwita mvivu anayesinzia darasani. Mwulize analalaje, kisha mwelekeze hospitali ya Mulago, jirani yetu.