Gari Moshi la Msituni na Watu Waliolifufua

Mashariki ya mji wa Melbourne, katika jimbo la Victoria nchini Australia, viko vilima vya Dandenong, vilivyofunikwa na misitu ya mikalitusi mirefu na makangaga yenye kimo cha miti. Na ndani ya misitu hiyo hupita reli nyembamba, mashuhuri kwa jina la Puffing Billy, ambayo wakubwa wa serikali waliifunga kwa kuwa haikuleta faida, na raia wa kawaida, pasipo ijara yoyote, wakaifufua.

Reli hiyo ilifunguliwa Desemba 1900, ikiwa mojawapo ya njia nne zilizojengwa na serikali ya jimbo kwa gharama ndogo, ili wakulima na wapasua mbao wa milimani wapate kufikisha bidhaa zao sokoni. Upana wake ni milimita 762, pungufu ya ile mita moja ya reli kongwe za Kenya na Tanganyika; na faida ya ufinyu huo ni kwamba njia huweza kupinda kwa ghafula na kuuzunguka mlima, pasipo haja ya kuutoboa. Hata hivyo hasara ilizidi mwaka hata mwaka, na yalipotokea maporomoko ya ardhi mwaka 1953 yakaiziba njia, serikali haikuona sababu ya kuizibua, bali mwaka uliofuata iliifunga.

Wapenzi wa reli hiyo hawakuridhia. Mwaka 1955 waliunda jumuiya ya kuihifadhi, na kwa msaada wa askari wa akiba wakachimba njia mpya ya kuyakwepa maporomoko, hata Julai 1962 gari moshi likaondoka tena Belgrave kwenda Menzies Creek. Kutoka hapo walisonga mbele kwa subira: Emerald mwaka 1965, Lakeside mwaka 1975, na Gembrook, mwisho wa reli, mwaka 1998.

Kazi yenyewe si ya kujifurahisha tu. Alfajiri, abiria wangali vitandani, mchochezi huwasha moto tanurini na kungoja kwa saa kadhaa maji yapate joto na mvuke upate nguvu. Na safarini hawezi kuliacha jicho lake liiondokee bomba ya kioo inayoonyesha kiasi cha maji, kwani maji yakipungua hata dari la tanuri likabaki tupu, chuma huweza kulainika na mtambo kupasuka. Kwa hiyo darini hutiwa kizibo cha risasi, ambacho huyeyuka kabla ya balaa na kuuachia mvuke uuzimishe moto. Wengine hubadilisha mataruma yaliyooza, wengine hukata tikiti. Na siku za kiangazi kikali, cheche moja inapoweza kuuteketeza msitu, mabehewa huvutwa na mtambo wa dizeli.

Maarifa ya namna hii hayahifadhiki kabatini. Mtambo uliopakwa rangi ukasimamishwa uani huonyesha umbo lake tu, ilhali uendeshwao humlazimu mzee kumfundisha kijana. Nasi tulio na mitambo ya mvuke inayoshika kutu, yafaa tuwatafute mafundi waliowahi kuiendesha, tuwaulize, na tuyaandike majibu yao wangali hai.