Kitanzi na Mtoto wa Gilgil

Kila mtoto anajisiwapo, sauti hupaa kudai kwamba mnajisi anyongwe. Nami ni mzazi. Hasira hiyo naielewa. Hata hivyo, tuitazame Gilgil.

Simon Harris, Mwingereza aliyeongoza shirika la kuleta walimu wa kujitolea katika shule zetu, aliwadhulumu kijinsia wavulana wa mitaani mjini humo kwa miaka mingi. Desemba 2014 mahakama ya Birmingham ilimtia hatiani, na Februari 2015 akafungwa miaka 17 na miezi 4. Sheria yetu ya Makosa ya Kijinsia ya 2006, kwa upande wake, inaamuru kifungo cha maisha kwa amnajisiye mtoto wa miaka 11 au chini yake. Adhabu, basi, haikukosekana. Kilichokosekana ni sikio. Wavulana wale tuliwaita machokoraa (sisi wanaisimu twajua uzito wa jina), na ni nani amwaminiye mchokora majalala dhidi ya mfadhili amlishaye?

Wizi wa mabavu una adhabu ya kifo katika vitabu vyetu, wala majambazi hawajaisha. Na tangu 1987 hakuna mfungwa aliyenyongwa nchini. Isitoshe, mnajisi mara nyingi ni mtu wa nyumbani. Mtoto akitaka kumtaja mjomba wake, na mama ajue kwamba kumtaja ni kumvisha kitanzi nduguye, mama huyo atamwambia nini mwanawe? Wengi watamwambia anyamaze.