Nyumba, Duara na Redio

Mtafiti wa vyombo vya habari afikaye Segese, katika Msalala mkoani Shinyanga, akiwa na hojaji mkononi na orodha ya kaya aliyopewa na ofisi ya kijiji, aghalabu hudhani kwamba sehemu ngumu ya kazi yake imekwisha. Kumbe wanaapolo, yaani wachimbaji wadogo wa dhahabu, ambao ndio wasikilizaji aliowajia, wamo ndani ya duara, shimo la kuchimbia, tangu alfajiri, wengine wako penye makarasha, mashine za kusagia, wakisaga mawe katika kelele isiyoruhusu redio kusikika, na mpangaji aliyeandikwa mwezi uliopita huenda amekwisha kufuata rashi mpya ya dhahabu upande wa Geita. Majibu atakayoyapata ni ya waliobaki nyumbani, nayo yataandikwa kana kwamba ni ya mji mzima.

Kujua ni watu wangapi wanaosikiliza kipindi ni kuhesabu tu; kujua kipindi hicho kimewatendea nini hudai ulinganisho, na hapa ndipo elimu ya kuwatafiti wasikilizaji ina uzito wake. Tuna mfano mashuhuri katika nchi yetu wenyewe. Mwezi wa Julai 1993 Redio Tanzania ilianza kutangaza mchezo wa mfululizo uitwao Twende na Wakati, wenye maudhui ya uzazi wa mpango na kinga ya UKIMWI, ambamo Mkwaju, dereva wa lori asiyetosheka na mkewe Tunu, aliponzwa na matendo yake mwenyewe. Mitambo ya Dodoma haikuurusha mchezo huo hadi mwaka 1995, bali saa hiyo ilitoa vipindi vyake. Na hivyo wataalamu, miongoni mwao Everett Rogers, Peter Vaughan na Ramadhan Swalehe, wakapata kipimo adimu: watu wa taifa moja na serikali moja, waliofikiwa na mchezo na wasiofikiwa. Mabadiliko yaliyotokea kwingine na kukosekana Dodoma yangeweza kuhusishwa na redio kwa hoja yenye nguvu. Na mchezo ulipofika Dodoma, hoja hiyo ilipata mtihani wa pili.

Hata hivyo mtu anayeulizwa na mgeni kuhusu kondomu anaweza kujibu kwa adabu kuliko kwa ukweli, na wala si haki kumlaumu. Ndiyo maana watafiti wale hawakutosheka na usaili peke yake, bali walitazama pia kumbukumbu za vituo vya afya, ambavyo viliwauliza wateja wapya wa uzazi wa mpango ni nani au ni nini kilichowaleta. Miaka 20 kabla yao, kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyokusanya takriban watu milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, ilipimwa kwa njia ninayoiheshimu zaidi: katika vijiji vilivyochaguliwa watathmini walikwenda kutazama kama vyoo vimechimbwa. Shimo la choo halina haya ya kumpendeza mgeni.

Katika muongo huohuo Marja-Liisa Swantz na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliendeleza utafiti shirikishi, ambao humfanya mwanakijiji kuwa mwenye swali, si mwenye jibu tu. Njia hiyo naiona ndiyo iifaayo Segese. Mwenye duara anajua zamu zinabadilishwa saa ngapi. Mama lishe anajua ni nani husikiliza taarifa ya habari akisubiri ugali, na nani huzima redio ili aongee na mkewe kwa simu. Na bibi ambaye Kiswahili si lugha yake ya nyumbani atalieleza kwa Kisukuma jambo ambalo kwa Kiswahili angelijibu kwa neno moja la ndiyo. Sampuli na ipangwe pamoja nao, kwa zamu na kwa mialo ya kuoshea dhahabu, si kwa nyumba pekee; na msaili awe tayari kukaa penye mdomo wa duara jioni, watu wanapotoka.